Tui lililokatika kwenye kichupa

Ijumaa iliyopita, saa kumi na nusu jioni, wenzangu wakiwa wameshaanza kukusanya mikoba yao, nilizima taa ya chumba cha hadubini na kuwasha ile ya buluu. Nikaweka sahani, nikasogeza jicho. Kijani. Si nukta mbili tatu za kubahatisha, ni uwanja mzima: seli nyingine zimekaa duara, nyingine zimetandaza miguu, chache ziko wawili wawili kwa kuwa zimetoka kugawanyika muda si mrefu. Nilikuwa sijaiona rangi ile kwa wiki kumi na mbili. Nilibaki pale mpaka mlinzi akaja kugonga kuuliza kama kuna mtu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandaa virusi bandia, yaani maganda yanayofanana na kirusi cha kweli kwa nje lakini hayawezi kuzaliana. Watafiti wetu huyatumia kupima kama damu ya mtu ina kingamwili za kutosha. Maganda hayo hutengenezwa na seli zenyewe. Tunazipa jeni zenye maelekezo, tunazirudisha kwenye inkubeta, nazo zinafanya kazi siku mbili usiku na mchana. Seli tunazotumia ni za ukoo wa HEK293, uliopatikana Leiden, Uholanzi, mwaka 1973 kutoka kwenye figo ya kijusi. Ile 293 ni namba ya jaribio, maana yake kabla ya hilo kulikuwa na majaribio mengine mengi kwenye daftari la mtafiti aliyezipata. Namba hiyo hunipa moyo.

Shida yote iko mlangoni. DNA, yaani kemikali inayobeba hizo jeni, imejaa chaji hasi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na uso wa seli nao una chaji hasi. Hasi na hasi hukataana. Tena ukuta wenyewe wa seli ni utando wa mafuta, na DNA ni kitu cha majini. Ukiimwaga tu juu ya seli itaelea pale mpaka vimeng'enya viitafune. Lazima awepo mchukuzi wa kuibeba, na mchukuzi wetu ni mafuta: vifuko vidogo vya lipidi vinavyoitwa liposomu.

Kila tunapofanya kazi hii, kisima kimoja cha sahani ninakiacha kiwe shahidi. Hicho nakipa jeni moja tu, ile ya protini ya kijani iliyotolewa kwa konyeza wa bahari ya Pasifiki. Osamu Shimomura ndiye aliyeitenga protini hiyo mwaka 1962, na mwaka 2008 akapewa Nobel pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien. Kisima cha shahidi kikiwaka, najua jeni zimeingia. Kikiwa giza, hata nisihangaike na vingine.

Wiki saba, giza.

Nilianza kumshuku kila mtu isipokuwa mwenye kosa. Nikasema labda plasmidi, ile pete ya DNA inayobeba jeni, imeharibika, nikaiandaa upya kutoka kwa bakteria, nikaipima, safi. Nikasema labda seli zimezeeka, nikayeyusha kichupa kipya kutoka kwenye naitrojeni ya kimiminika. Nikapima maikoplazma, bakteria wadogo wanaovamia seli za maabara, hakuna. Nikakumbuka kwamba antibaiotiki kwenye kimiminika cha kukuzia zinaweza kuziua seli siku hiyo, kwa sababu utando ukishalegezwa na lipidi hata dawa isiyoingia kwa kawaida huingia. Nikaziondoa. Giza. Bosi wangu, mama mmoja mpole sana, alikuwa akipita asubuhi na kuuliza, "Vipi mwanangu, wameamka?" Nami najibu, "Bado, Daktari."

Siku niliyoligundua kosa sikuwa natafuta chochote. Nilikuwa nimekiinua kile kichupa cha lipidi kuelekea dirishani ili nione kimebaki kiasi gani. Kwa kawaida kimiminika chake ni laini, kimelingana chote, kama maji yaliyotiwa tone moja la maziwa. Hiki kilikuwa na vichembe. Vidogo mno, vyeupe, na nilipokiinamisha vilishuka taratibu vikaacha utando mwembamba kwenye ukuta wa plastiki. Kabla sijafikiria neno lolote la kisayansi, akili ilinipeleka Tanga, jikoni kwa bibi. Nikasema kwa sauti: "Tui limekatika."

Aliyekulia pwani anajua ninachosema. Umekuna nazi kwenye mbuzi, umekamua kasimele, umechuja, umeweka jikoni. Usipokoroga mpaka lichemke, au ukiacha moto mkali ukaenda kuzungumza na jirani, linakatika: mafuta huku, maji kule, na vijipande vyeupe katikati. Ladha inaweza kuwepo lakini mchuzi umeshaharibika, na hakuna kukoroga kutakakorudisha. Bibi hakuwahi kuniambia habari za matone ya mafuta yanayozungukwa na protini yakatengana ndani ya maji. Aliniambia, "Tui lina heshima yake, usilipe mgongo." Baadaye, tulipopata friji nyumbani, alinikataza pia kulihifadhi juu kwenye barafu. Likiganda na kuyeyuka halirudi kuwa tui lilelile.

Nikampigia simu kijana wa kwa wakala aliyetuletea mzigo. Alijibu kwa furaha kabisa: "Dada, ile yenu tuliitunza vizuri sana. Ilifika siku ya sikukuu, ofisi imefungwa, nikaiwahisha kwenye friza." Kwenye boksi, upande wa chini, kimeandikwa kihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kisigandishwe. Kichupa kile kinagharimu kuliko mshahara wangu wa mwezi, na kuagiza kingine ni wiki nyingine tano. Niliumia. Lakini sikuweza kumfokea. Mwaka 2021 dunia nzima iliona picha za chanjo ya Pfizer ikihifadhiwa kwenye mafriza ya nyuzi 70 chini ya sifuri, na ndani ya chanjo ile ni vipovu vya mafuta vilivyobeba RNA, nakala ya muda ya maelekezo ya jeni. Angejuaje kwamba vile vimewekewa sukari ya sukrosi makusudi ili vikiganda visipondane, na kichupa chetu hakikuandaliwa hivyo?

Basi katika wiki tano za kusubiri nilisoma habari za hawa wachukuzi kuliko nilivyosoma chuoni.

Walionekana mara ya kwanza mwaka 1961 kwenye taasisi ya Babraham karibu na Cambridge. Alec Bangham, mtaalamu wa damu, alikuwa na mwenzake R. W. Horne wakijaribu hadubini mpya ya elektroni. Wakachukua lipidi, zikiwemo zile za kiini cha yai, wakazilowesha kwa rangi ya kupigia picha. Wakaona miduara ndani ya miduara, kama kitunguu kilichokatwa. Lipidi hizi zina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, kwa hiyo zikiachwa majini hujipanga zenyewe safu mbili, mikia ndani na vichwa nje, kisha safu inajikunja na kujifunga kuwa kifuko. Hapa ndipo liposomu inapotofautiana na tui. Ndani ya tone la tui mna mafuta matupu, ila ndani ya liposomu mna maji, na mafuta ni ukuta tu wa unene wa nanomita 4 au 5. Ni ukuta uleule wa seli zetu.

Ukuta uleule! Mtu akishaona hilo lazima atawaza kitu cha kupakia humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gregory Gregoriadis huko Uingereza alianza kupakia vimeng'enya na dawa. Njia hiyo imefika mpaka kwetu: liposomu zilizobeba dawa iitwayo amfoterisini hutibu ugonjwa wa vimelea wa kala-azar, na utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliofanywa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya liposomu hizo, pamoja na vidonge, inafanya kazi sawa na matibabu ya zamani kwa wenye VVU waliopata homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Sumu yake kwa figo ni ndogo kuliko amfoterisini ya kawaida. Waliowahi kuona mgonjwa akitetemeka kitandani kwa amfoterisini ya zamani wanajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Jeni zilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1980 kundi la San Francisco lililokuwa na Robert Fraley na Demetrios Papahadjopoulos lilifunga DNA ya kirusi SV40 ndani ya liposomu na kuifikisha kwenye seli ikiwa hai. Lakini kuifunga DNA ndani ya kifuko ni kazi. Piga hesabu nami. Plasmidi ya herufi pacha 5,000 ukiinyoosha ina urefu wa nanomita 1,700, na kifuko chenyewe upana wake ni nanomita 100 hivi. Ni kama kutaka kuingiza kamba ya mashua kwenye kifuu. Nyingi inabaki nje.

Aliyeubadili mchezo ni Philip Felgner, mwaka 1987, akiwa kwenye kampuni ya Syntex huko Palo Alto, California. Yeye na wenzake hawakuhangaika kuifunga DNA ndani. Walitengeneza lipidi ambayo kichwa chake kina chaji chanya, wakaiita DOTMA, wakaichanganya na lipidi nyingine iitwayo DOPE. Plasmidi ile ya herufi pacha 5,000 ina chaji hasi 10,000. Ukiiweka karibu na vifuko vyenye chaji chanya inavikimbilia yenyewe, inavutwa, inakunjwa, inafinyangwa kuwa donge dogo, na donge likibaki na chaji chanya kwa nje linang'ang'ania uso wa seli. Waliripoti kwamba njia yao ilizidi zile za zamani kwa mara 5 hadi zaidi ya mara 100, kutegemea aina ya seli. Kila kichupa kama changu kwenye majokofu ya maabara duniani ni mjukuu wa kazi ile.

Mimi ninaifanya hivi. Asubuhi natazama seli kwanza. Ninataka zimefunika asilimia 70 hadi 80 ya sakafu ya kisima, zikiwa chache zinakufa kwa sumu ya lipidi, zikibanana sana zinaacha kugawanyika. Kwenye kikopo kimoja naweka DNA, mikrogramu 2 na nusu, kwenye kimiminika kisicho na seramu, yaani majimaji ya damu tunayolishia seli. Kwenye kingine naweka lipidi. Seramu haitakiwi hapa kwa kuwa protini zake zenye chaji hasi zitawahi nafasi ya DNA. Kisha namimina kimoja kwenye kingine, nageuza kikopo polepole mara nne tano kwa mkono, kamwe siweki kwenye mashine ya kutikisa. Dakika 15. Ukitazama kwa makini unaona maji yanafifia kidogo, yanapoteza ule ung'avu. Ndipo nachukua pipeti na kudondosha tone kwa tone nikizunguka kisima chote, kama mtu anayetia kasimele mwishoni, chungu kikiwa karibu kuepuliwa.

Halafu inakuja sehemu ambayo naiona ndiyo kiini cha jambo zima, na watu wanaizungumza kidogo. Seli inalimeza lile donge. Inajikunja, inalifunika kwa kipande cha utando wake yenyewe, na donge linajikuta limefungwa ndani ya kifuko kinachoitwa endosomu. Kuingia limeingia, lakini liko kifungoni, na kifungo hicho kinazidi kuwa na asidi kila dakika hadi kinapofika mahali pa kusagia. Lisipotoka mapema litasagwa. Kwa hiyo mchukuzi anatakiwa aushike mzigo kwa nguvu njia nzima, na akifika mahali pale, si kabla wala si baada, aachie. Yale mafuta yanatakiwa yakatike humo. DOPE iliwekwa kwa ajili hiyo: umbo lake ni kama pia, kichwa chembamba na mikia iliyotanuka, haipendi kukaa kwenye safu iliyonyooka, kwa hiyo inasaidia kuvuruga ukuta wa endosomu mpaka utoboke. Hata hivyo wanaotoka ni wachache mno. Mwaka 2013 watafiti waliohesabu RNA fupi zilizobebwa kwenye vipovu vya lipidi waliona zinazotoka ni asilimia 1 hadi 2 tu. Na DNA ikishatoka bado ina safari ya kiini cha seli, ambako mara nyingi huingia pale seli inapogawanyika na ukuta wa kiini kuvunjika kwa muda. Ndiyo maana wale wawili wawili huwa wanang'aa kuliko wengine.

Kichupa changu kilikatika mahali pasipo pake. Hilo tu.

Ndani ya mwili wa mtu mambo ni magumu kuliko kwenye sahani, kwa sababu damu imejaa protini zenye chaji hasi, na kitu chenye chaji chanya kikiingia humo kinagandamana nazo mara moja. Uingereza walijaribu njia ya kuvuta hewani kwa wagonjwa wa saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza makamasi mazito mapafuni: jeni nzima kwenye liposomu, kila mwezi kwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka 2015, tofauti ya asilimia 3.7 tu kwenye nguvu ya mapafu kulinganisha na waliovuta dawa bandia. Kidogo, lakini wagonjwa wale walikuja kila mwezi, na ninawaheshimu sana.

Waliofungua njia ya damu ni Pieter Cullis na wenzake wa Vancouver, Kanada, na kampuni walizoshirikiana nazo. Walitengeneza lipidi isiyo na chaji ikiwa kwenye damu, ila ikikutana na asidi ya endosomu inapata chaji chanya papo hapo na kuubomoa ukuta. Lipidi inayojua iko wapi. Mwaka 2018 Marekani ikaidhinisha patisirani, dawa ya kwanza ya namna hiyo yenye RNA fupi ya kunyamazisha jeni. Chanjo za Uviko-19 za Pfizer na Moderna zilipita kwenye njia hiyohiyo, na RNA iliyomo ndani yake ilirekebishwa kwa ugunduzi wa Katalin Karikó na Drew Weissman, waliopata Nobel 2023. Na mwaka 2025, Philadelphia, mtoto mchanga ambaye ini lake halikuweza kuondoa amonia alitengenezewa dawa yake peke yake ya kurekebisha herufi moja iliyokosewa kwenye jeni, ikapakiwa kwenye vipovu vya mafuta, akachomwa dozi tatu. Kubeba kwa kirusi kungekuwa vigumu kurudia mara tatu, kwani mwili unamkariri. Mafuta yanaweza kurudi tena.

Nilimsimulia haya mdogo wangu Jumapili. Yeye ana sikoseli. Ana miaka 24, na ninazikumbuka karibu zote kwa hesabu ya kulazwa. Herufi moja, kama yule mtoto. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazopata watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani, na tiba ya jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 iliingia sokoni Marekani kwa bei ya dola milioni 2.2. Huko seli za damu hutolewa nje, zinapigwa umeme ili utando ufunguke, zinarekebishwa, na mgonjwa anamaliziwa uloto wake, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa dawa kali kabla ya kurudishiwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma inapandikiza uloto kwa watoto wenye ndugu anayelingana nao. Mimi nilipimwa. Silingani naye.

Alinisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo dada, hayo mafuta wakinichoma mkononi yanafika kwenye uloto?"

Nikamweleza ukweli. Yakiingia kwenye damu yanavikwa protini inayoitwa ApoE, ileile inayosindikiza mafuta ya chakula, na ini linaipokea kama mgeni linayemfahamu. Mengi yanaishia pale. Ndiyo maana magonjwa ya ini yametangulia. Kuna watu wanaolifanyia kazi sasa hivi suala la kuyaelekeza kwenye uloto, wengine kwa kuyashonea kingamwili ya kushika seli za uloto, wengine kwa kubadili lipidi zenyewe. Kwa panya imewezekana.

"Kwa panya," akarudia. Akachukua kidonge chake cha foliki, akanywa na glasi mbili za maji, maana maji kwake ni dawa. Kisha akasema, "Basi endeleeni kukoroga."

Kichupa kipya ndicho kilichowaka Ijumaa ile. Boksi linalofuata linafika Jumanne. Nimeomba ruhusa nilifuate mwenyewe uwanja wa ndege. Nitabeba kile kiboksi chetu cha baridi, na kati ya barafu na kichupa nitaweka taulo.